"Pupil" ni mboni au mwanafunzi?

Swali: Natafsiri kijitabu cha huduma ya kwanza kutoka Kiingereza. Kuna mahali msomaji anatakiwa achunguze "pupils" za mtu aliyeumia kichwa. Neno hilo mimi nalijua kwa maana ya mwanafunzi. Jicho na mwanafunzi vimekutania wapi?

Jibu: Hapo ni mboni, ndugu yangu, usisite. Na umefanya vyema kuuliza kabla ya kuchapa, maana kosa hapo lingempoteza mtu anayehangaika na majeruhi.

Maneno hayo mawili ni ndugu wa damu. Kwa Kilatini "pupa" ni msichana mdogo, tena ni mwanasesere. Ukilidogosha unapata "pupilla", na hilo ndilo jina Warumi walilolipa tundu la jicho. Sababu yake unaweza kuiona mwenyewe. Mwambie mwenzako atazame dirisha lenye mwanga, simama mbele yake, mkaribie hadi nyuso zenu zibaki kama shibiri moja, kisha angalia ule weusi wa katikati ya jicho lake. Mna kijitu ndani, kina kichwa na mabega. Ni wewe. Taswira hiyo hasa inaakisiwa na konea, utando angavu ulio mbele ya jicho, ila weusi ulio nyuma yake ndio unaoifanya ikolee. Wagiriki nao waliiita mboni "kore", yaani msichana, na katika Kiebrania huitwa "ishon", jina linaloelezwa kuwa ni mtu mdogo. Nimefanya kazi ya maneno miaka mingi, na hili bado linanigusa kila nikilikumbuka.

Mwanafunzi alitokea upande wa pili wa ukoo huohuo. "Pupillus" alikuwa mtoto aliyefiwa na baba na kuwekwa chini ya mlezi. Neno likapita Kifaransa, likaingia Kiingereza na maana hiyo ya yatima, kisha polepole nafasi ya mlezi ikashikwa na mwalimu. Sheria ya Uskoti ilibaki na maana ya zamani hadi 1991: msichana wa chini ya miaka 12, mvulana wa chini ya 14. Leo, hasa Uingereza, "pupil" ni mtoto wa shule, au mtu anayefunzwa na bingwa fulani, kama mpiga kinanda. Wa chuo kikuu ni "student".

Kiswahili kilishika njia nyingine. Mboni ina mzizi wa kuona, ule wa kale wenye "b" ambao Kizulu bado kinao: "bona".

Angalizo moja. Mduara wenye rangi ni irisi. Mboni ni tundu tu katikati yake, linalobadilika kutoka kama milimita 2 kwenye mwanga mkali hadi 8 gizani. Kwa hiyo "dilated" andika zimetanuka, na "constricted" zimesinyaa. Sentensi yako ningeiweka hivi: "Mulika macho yake kwa kurunzi, moja baada ya jingine, uone kama mboni zinalingana na kama zinasinyaa."