Nyasi za mapambo zenye mistari: namna ya kuzipanda, kuzipanga na kuzizuia zisigeuke kijani

Anayenunua nyasi zenye mistari myeupe au ya njano hununua rangi. Lakini misimu miwili mitatu ikipita, wengi hubaki na kichaka kilicholala chini, majani yaliyoungua ncha, au rundo la nyasi za kijani tupu ambalo hawakulinunua. Chanzo cha yote matatu kimo ndani ya mistari yenyewe. Sehemu nyeupe au ya njano ya jani haina umbijani, yaani ile rangi ya kijani ya jani, au inao kidogo mno, na bila umbijani jani halitengenezi chakula. Mmea ulio nusu kijani nusu mweupe unajilisha kwa nusu ya majani yake. Ndiyo maana hukua polepole kuliko ndugu zake wa kijani, huungua upesi kwenye jua kali, na hushindwa mbio na chipukizi lolote la kijani linalozuka katikati yake.

Aina za kuchagua

Kundi lenye uchaguzi mpana zaidi ni Miscanthus sinensis. 'Variegatus' ina mistari mipana myeupe inayoonekana kutoka mbali, hufika mita 1.5 hadi 2, ila ni nzito na huanguka ikinyeshewa. 'Morning Light' ina jani jembamba lenye ukingo mweupe mwembamba sana. Ukisimama mita tatu mbele yake huoni mistari, unaona kichaka cha rangi ya fedha. Husimama yenyewe bila kuegemezwa na haizidi sana mita 1.5. Kama una nafasi ya mmea mmoja tu, chukua huo. 'Cosmopolitan' ni ya bustani kubwa: majani mapana, kingo nyeupe, mabua imara, urefu wa mita 2 na zaidi.

'Zebrinus' na 'Strictus' hazina mistari ya kwenda chini bali mikanda ya njano inayokata jani kwa upana. 'Zebrinus' hufunguka na kulala, 'Strictus' husimama wima, kwa hiyo tofauti ya jina hapo ni ya kuzingatia unaponunua. Mikanda hiyo huletwa na joto. Majani ya kwanza ya msimu yanaweza kutoka kijani kabisa, kisha mikanda ikajitokeza hali ya hewa inapopata joto. Watu hung'oa mimea mizima wakidhani imegeuka, kumbe ni suala la kusubiri wiki chache.

Penye kivuli, panda Hakonechloa macra 'Aureola', nyasi ya milimani Japani yenye majani ya njano yaliyochorwa nyuzi za kijani. Urefu wake ni sentimita 30 hadi 45. Jua kali la mchana huipausha na kuichoma. Kivuli kizito huifanya njano iwe ya kijani cha ndimu. Jua la asubuhi, au mwanga unaochujwa na miti, ndio unaoifaa. Hukua taratibu sana, hivyo ni heri kununua mche mkubwa kuliko kununua midogo mingi.

Carex oshimensis 'Evergold' na Carex morrowii 'Ice Dance' huuzwa pamoja na nyasi lakini ni jamaa ya ndago. Zungusha bua la ua kati ya vidole: la ndago lina pembe tatu. Tofauti hii si ya darasani tu, kwa sababu mimea hii hubaki na majani mwaka mzima na haikatwi kama nyasi, kama nitakavyoeleza hapa chini.

Halafu kuna zile zinazotembea. Phalaris arundinacea 'Picta' na Arundo donax yenye mistari huenea kwa mashina yanayotambaa chini ya udongo. Arundo hufika mita 3, na kipande cha shina lake kikichukuliwa na mafuriko huota kilikotua, kwa hiyo usiipande kando ya mto wala mfereji, hata kidogo. Ukiitaka 'Picta', chukua pipa la plastiki lenye kina cha sentimita 45, likate kitako, lizike, na uache ukingo wa sentimita 5 juu ya ardhi, maana mashina hupanda na kuruka ukingo ulio sawa na udongo. Kabla ya kununua nyasi yoyote kubwa, uliza kama imeorodheshwa kuwa mmea vamizi unapoishi. Cortaderia selloana ni tatizo New Zealand na Afrika Kusini, Miscanthus sinensis imetoroka bustanini katika majimbo kadhaa ya Marekani, na Pennisetum setaceum imevamia Hawaii.

Kupanda

Kinachoua nyasi hizi zaidi ya ukame ni maji yaliyotuama, hasa msimu wa baridi au mmea unapokuwa umepumzika. Chimba shimo la sentimita 30 kwenda chini na 30 kwa upana, lijaze maji, liache likauke, kisha lijaze tena. Kama baada ya saa nne maji ya mara ya pili bado yapo, inua tuta la sentimita 15 hadi 20 na upande juu yake. Usiweke kokoto chini ya shimo ukidhani zitasaidia; maji hayashuki kwa urahisi kutoka udongo laini kwenda kwenye kokoto, kwa hiyo mizizi huishia kukaa kwenye tope.

Tumbukiza mche pamoja na chungu chake kwenye ndoo ya maji mpaka mapovu yaishe. Shimo la kupandia liwe na upana mara mbili ya bonge la mizizi, lakini kina kile kile. Mizizi iliyojizungusha ikate kwa kisu, mikato mitatu au minne kutoka juu kwenda chini, la sivyo itaendelea kujizungusha ardhini. Shingo ya mmea, pale majani yanapoungana na mizizi, iwe sawa na udongo au juu yake kwa sentimita 1 au 2; ikizama huoza. Rudisha udongo ule ule uliouchimba. Samadi ndani ya shimo haihitajiki, na kwa nyasi hizi hudhuru.

Mwagilia lita 10 hivi kwa mmea mkubwa siku ya kupanda, kisha kila baada ya siku tatu au nne kwa wiki mbili, halafu mara moja kwa wiki, maji ya kuzama, hadi msimu wa kwanza uishe. Matandazo yawe na unene wa sentimita 5 hadi 7, yasiguse shingo.

Nafasi hupimwa kutoka katikati ya mmea hadi katikati ya mwingine: sentimita 90 hadi 120 kwa Miscanthus, 35 hadi 40 kwa Hakonechloa, 30 hadi 40 kwa Carex. Mwaka wa kwanza patakuwa wazi. Vumilia, usizibe mapengo kwa miche ya ziada, kwa sababu nyasi zilizobanana hupata ukungu na kulala.

Kuhusu mbolea, shika mkono wako. Naitrojeni nyingi hutoa majani marefu na laini yasiyoweza kujibeba, na hayo ndiyo yanayolala mvua ya kwanza. Penye udongo wa wastani, tabaka jembamba la mboji mwanzoni mwa msimu wa kukua linatosha mwaka mzima. Kichaka kikishaanza kulala, kukifunga kwa kamba katikati kunakifanya kionekane mganda. Weka pete ya kuegemeza mapema, majani yakiwa chini ya sentimita 40, ili yakue na kuificha.

Chipukizi la kijani

Hapa ndipo rangi inapopotea. Tenganisha majani kwa mikono miwili uone kitako cha kichaka. Chipukizi lililogeuka utalitambua kwa kuwa ni kijani kutoka chini hadi ncha, nene kidogo na refu kuliko majirani zake. Lifuate kwa kidole hadi chini ya udongo, chomeka kisu kikali kati yake na machipukizi yenye mistari, kisha litoe na mizizi yake. Kulikata juu hakusaidii, kwani jicho lililobaki chini litatoa lingine la kijani vilevile. Fanya ukaguzi huu angalau mara mbili kwa msimu. Likiachwa, linakula mwanga wote na miaka michache baadaye kichaka kizima ni cha kijani. Kwa 'Zebrinus' na 'Strictus' pekee, subiri joto kabla ya kuhukumu.

Wakati mwingine kinachoonekana kama chipukizi lililogeuka ni mche ulioota kutokana na mbegu iliyoanguka humo ndani. Watoto wa mbegu kwa kawaida hutoka kijani, kwa hiyo usipoteze muda kusia mbegu, na kata mashuke kabla hayajapukutisha. Machipukizi meupe kabisa hayana hatari ya kuenea. Hulishwa na majirani, na mengi hufa yenyewe.

Kukata na kugawa

Miscanthus na Hakonechloa hukatwa mara moja kwa mwaka, kabla tu ya machipukizi mapya kutokeza: mwishoni mwa baridi kwa penye baridi, mwishoni mwa kiangazi kabla ya mvua kwa kwingineko. Miscanthus bakiza sentimita 10 hadi 15. Hakonechloa, ambayo ni ndogo, bakiza 5. Funga kichaka kikubwa kwa kamba sehemu mbili, kisha kata chini ya kamba kwa msumeno; mzigo unatoka mzima bila kutawanyika. Vaa glavu, mikono mirefu na miwani. Kingo za majani zina silika, madini magumu kama ya mchanga, hukata ngozi, na mabua yaliyokatwa ni hatari kwa macho unapoinama. Ukichelewa utakata ncha za majani mapya, na vibutu hivyo vitaonekana msimu mzima.

Carex usiinyoe. Ichane kwa vidole vyenye glavu kuondoa majani makavu, na ikizeeka sana punguza theluthi moja tu.

Kila miaka mitatu hadi mitano katikati ya kichaka hufa na kubaki pete. Chimbua wakati machipukizi yanaanza, si mmea unapoingia kupumzika, maana kidonda kwenye udongo baridi na mbichi huoza. Gawa kwa msumeno au shoka, kila kipande kiwe na machipukizi manne au matano, tupa kitovu kilichokufa, panda siku hiyo hiyo. Hii ndiyo nafasi yako ya kuboresha: chagua vipande vyenye mistari iliyo wazi zaidi na uviache vile hafifu.

Unga wa rangi ya chungwa unaobaki kidoleni ukisugua jani ni ugonjwa wa kutu. Ondoa majani hayo na umwagilie chini, asubuhi, badala ya juu ya majani jioni. Miscanthus iliyodumaa, mashuke yaliyojikunja na unga mweupe chini ya ala za majani ni dalili za vidung'ata, wadudu wadogo waliofunikwa unga mweupe. Dawa ya kunyunyizia haiwafikii humo ndani. Ng'oa, funga kwenye mfuko, tupa; usigawe mmea huo kumpa mtu.

Kupanga bustanini

Jani lenye mistari linahitaji giza nyuma yake. Liweke mbele ya ua wa kijani kizito au ukuta mweusi. Mbele ya ukuta mweupe hutaliona. Chagua aina moja ya mistari kwa kila eneo ambalo jicho linalitazama kwa pamoja, na majirani zake wawe na majani mapana ya rangi moja. Mistari miwili tofauti ikikaa bega kwa bega, kila moja huiharibu nyingine, na njano karibu na nyeupe huifanya nyeupe ionekane chafu. Mistari mipana iende mwisho wa bustani, nyuzi nyembamba na mikanda ya 'Strictus' ziwe karibu na kiti, mahali mtu anapoweza kuziona.

Hakonechloa huelekeza majani yake upande wenye mwanga. Ipande hivi kwamba mwanga utoke upande anaosimama mtazamaji, la sivyo itampa mgongo. Juu ya ukuta mfupi au kando ya ngazi, mimea mitano au saba pamoja, humwagika vizuri kuliko mmoja mmoja. Miscanthus kubwa nayo inajitosheleza peke yake, ila iwe angalau mita moja kutoka njiani, ili majani yake yasimkate mpita njia aliyevaa kaptula.