Maswali na Majibu: CD8 na kingamwili zake

*Fomu yangu ya kliniki ina CD4 na CD8. Ya kwanza naijua. Ya pili ni nini? (Msomaji, Kayole)*

CD8 ni protini iliyo juu ya utando wa seli T (aina ya chembe nyeupe za damu) zinazoua seli zilizoingiwa na virusi au zilizogeuka kuwa saratani. Huishika molekuli ya MHC ya daraja la kwanza, iliyo juu ya karibu kila seli ya mwili yenye kiini, wakati kipokezi cha seli T kinapokagua kipande cha protini kilichobebwa na molekuli hiyo.

*Basi CD8 zikiwa nyingi, kinga yangu ni imara? (Huyo huyo)*

La, si lazima. VVU visipotibiwa, seli za CD4 (seli T zinazosaidia kuongoza kinga) hupungua huku seli za CD8 zikiongezeka, na uwiano wa CD4 kwa CD8, ambao kwa mtu mzima mwenye afya kwa kawaida huzidi 1, hushuka chini ya hapo. Hata dawa zikishavidhibiti virusi, huenda ukachukua miaka kupanda tena. Isitoshe, hesabu haisemi seli hizo zinatambua nini, na hilo ndilo lenye uzito. Hapa hapa Nairobi, watafiti waliowafuatilia wanawake wa Majengo, Pumwani, waligundua kwamba baadhi ya waliokabiliwa na VVU mara nyingi bila kuambukizwa walikuwa na seli T za kuua zilizovitambua virusi hivyo.

*Maabara huzitenganishaje na seli nyingine? (Mwanafunzi wa maabara, Ngara)*

Kwa kingamwili za ukoo mmoja, yaani zinazofanana zote na kushika kitu kimoja tu, ambazo mbinu ya kuzitengeneza ilibuniwa na Georges Köhler na César Milstein huko Cambridge mwaka 1975. Kingamwili ya CD8 huunganishwa na rangi inayong'aa, kisha seli hupitishwa moja moja mbele ya leza. Usiitegemee peke yake, kwa kuwa baadhi ya seli NK (seli nyingine za kuua, zisizo seli T) nazo hubeba CD8, mara nyingi kwa uhafifu. Ongeza kingamwili ya CD3, protini ambayo seli T huwa nayo juu ya utando wake na seli NK hazina.

*Kingamwili yangu ya CD8 inafanya kazi vizuri kwenye damu lakini haionyeshi chochote kwenye tishu iliyohifadhiwa kwa formalini. Imeharibika? (Huyo mwanafunzi)*

Pengine ni nzima. Formalini hubadilisha umbo la protini, na kingamwili iliyozoea umbo la asili hukosa pa kushika. Kwa tishu ya namna hiyo wengi hutumia kingamwili iitwayo C8/144B, inayotambua mkia, ulio ndani ya seli, wa mnyororo wa alfa wa CD8 (mmoja wa minyororo inayounda protini hiyo), baada ya kuipasha tishu moto katika bafa (kimiminika kinachodumisha kiwango cha asidi).