Asidi ya kinamasi: mbona inakula mfupa na kuiacha ngozi?

SWALI: Nimeona picha ya yule Mtu wa Tollund wa Denmark, maiti ya kale iliyohifadhika kinamasini, hadi vishina vya ndevu vinaonekana kidevuni. Naambiwa maji ya kinamasi kile yana asidi. Sasa asidi si ingemla kwanza ngozi?

JIBU: Ungekuwa na haki kama tungekuwa tunazungumzia asidi ya betri. Hii ya kinamasi ukali wake ni kama wa nyanya tu. Haiunguzi nyama, ila ina subira, na shabaha yake ni madini. Mfupa umekazwa na madini ya kalisiamu, nayo huyeyuka polepole kwenye maji ya namna hiyo. Mtu wa Damendorf, maiti nyingine ya kinamasini iliyopatikana Ujerumani mwaka 1900, amebaki ngozi, nywele na kucha, amelaliwa na mboji hadi akawa bapa kama kanzu iliyopigwa pasi.

Ngozi ina kisa kingine. Kinamasi kile hulishwa na mvua peke yake, na humo huota sfagnamu, mmea mdogo unaofyonza maji kama sifongo. Ukioza nusunusu hutoa sukari nzito inayojifunga kwenye protini za ngozi na kuzikaza. Mafundi wa ngozi wa pwani wanaotumia magome ya mikandaa watalielewa hili haraka: ni kudabagha, ila maiti ndiyo iliyolowekwa. Sukari hiyohiyo huwanyima bakteria chakula. Ongeza baridi na maji yaliyotuama yasiyo na oksijeni, basi kuoza kunakwama.

Ndiyo maana sufu hudumu na kitani hupotea. Sufu ni protini, kitani ni nyuzi za mmea, na asidi huzila hizo. Watu wengi wa vinamasini wanaonekana walizikwa uchi. Mimi huwa na shaka na wazo hilo: huenda walivaa kitani, kikapotea.

Hatari huanza siku ya kufukua, maana hewa ikiingia ngozi hukauka na kusinyaa. Mtu wa Grauballe, aliyefukuliwa kinamasini Denmark mwaka 1952, ilibidi amaliziwe kudabaghwa kwa magome ya mwaloni kwa takriban mwaka mmoja na nusu. Huyo wako wa Tollund, aliyefukuliwa mwaka 1950, hakubahatika hivyo: kilichohifadhiwa vizuri wakati ule ni kichwa. Kiwiliwili anachoonyeshwa nacho leo kwenye makumbusho ya Silkeborg ni cha kutengenezwa.