Umakini ukizidi kipimo

Umeuliza kwa nini umakini uliokuwa unasifiwa kazini sasa unalalamikiwa kwamba unachelewesha wenzako. Umakini wenyewe hauna kosa, kilichopotea ni kipimo. Jambo linalokuletea sifa ndilo unalolikimbilia kila mara, hata pale kazi inapodai kitu kingine. Mkataba unastahili kusomwa mara 3. Ujumbe wa mistari miwili kwamba kikao kimesogezwa hadi saa 8 mchana, usome mara moja, utume.

Kabla hujaanza kazi, jiulize: kosa likipita litagharimu nini, na litarekebishwa kwa muda gani? Kama ni la dakika 5, jiwekee muda, ukiisha kabidhi. Wengi hukwama hapa kwa sababu hawaamui mapema kazi "iliyokamilika" ikoje. Iandike: hesabu zimehakikiwa, majina ni sahihi, basi.

Pia muulize mwenzako unayemwamini, kila wiki, "Nimezidisha wapi?" Ukimuuliza kama umezidisha atakujibu hapana kwa adabu tu. Neno "wapi" linampa ruhusa ya kusema.

Jichunge zaidi ukiwa umechoka au una wasiwasi. Hapo ndipo mkarimu hukubali kila ombi, msema kweli huwa mkali, nawe unasahihisha alama ileile ya mkato saa 4 usiku. Na tafadhali usijilazimishe kuwa mzembe ili kufidia. Wenzako bado wanauhitaji umakini wako, hasa kwenye ile mikataba.