Usichomelee chuma chini ya bampa, mkuu

Mkuu, simama hapo hapo. Umeuliza mambo matatu: kama ufunge bati la chuma chini ya bampa ya Mark X yako, kama upake rangi michubuko sasa au baadaye, na kama matairi makubwa yatainyanyua gari. Nimesoma la kwanza chai ikanishinda, kwa hiyo najibu hilo tu. Fundi amekwambia "bati la milimita 3, gari haitachubuka tena". Mimi niliambiwa maneno hayo hayo pale Mwanjelwa, hapa Mbeya, nikayaamini, yakaniulia injini.

Yangu ilikuwa Mark X pia, ile ya 2.5. Kila nikiingia nyumbani Iwambi, mdomo unaparaza kwenye zege la mtaro. Fundi akakata bati, akalikunja, akalifunga kwa bolti nne kwenye ule mhimili wa chini uliobeba rejeta, kile kipozeo cha maji ya injini. Kosa lote liko hapo. Bampa ni plastiki: ukigonga inakunjika, inarudi, unabaki na mchubuko. Chuma hakirudi. Kinapokea pigo zima na kulipeleka kule kilikofungwa, na huko ndiko rejeta imekaa.

Wiki ya tatu nikawa natoka Makambako. Giza limeanza, nafika Igurusi nakutana na tuta lisilo na rangi. Nikakanyaga breki hadi juu ya tuta, mdomo ukainama, chuma kikagonga lami kikarudi nyuma. Nikashuka, nikamulika kwa simu: bampa haina hata mkwaruzo. Nikafurahi! Nikampigia fundi kumshukuru, nikaondoka. Kumbe tangi la plastiki la rejeta limepata ufa kwa chini.

Kuanza kupanda kuelekea Inyala maji yanamwagika tu. Mshale wa joto ulipanda, halafu ukashuka, nikajua imepoa. Haikupoa. Maji yakiisha sensa inabaki hewani, haina cha kupima. Tena rejeta yenye ufa haishiki presha, na huku kwetu, kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, maji yasiyo na presha yanachemka kwenye nyuzi 94 hivi. Kabla sijafika Uyole gari ikazima yenyewe. Nikaingia mjini navutwa na breki dauni, lile gari la kuvuta magari mabovu. Hedi za aluminiamu, yaani vifuniko vya juu vya injini, zimepinda, na injini ile ni ya V, silinda zimepangwa safu mbili, kwa hiyo hedi mbili, gasketi mbili, kila kitu mara mbili. Milioni 3 na ushee, wakati mchubuko niliokuwa nauogopa ungepigwa rangi kwa laki moja na nusu.

Nilipomrudia fundi akasema ningeendesha taratibu. Nilikuwa kwenye 30! Anayebisha aende akalione tuta lenyewe. Kilichoniuma zaidi ni kwamba mtu hajui rejeta inashikiliwa na nini, anatoboa mhimili wake, anapokea hela, na hasemi kuwa hajui.

Kwa hiyo shika hili moja: kinga iwe laini kuliko bampa, na ing'oke kabla ya bampa. Tafuta mpira mweusi wa lipu (mdomo wa chini wa bampa), ule unaouzwa kwa mita, uufunge kwenye ukingo wa chini wa bampa tu, kwa klipu za plastiki au skrubu fupi. Mhimili wa rejeta usiuguse kabisa. Utaparaza mara nyingi kuliko sasa kwa sababu mpira umeshuka zaidi, lakini mlio wake ndio unakuambia simama, rudi nyuma. Mimi nimeshabadilisha vipande viwili, bampa ni ile ile. Na wa fibaglasi wakija usiwasikilize: ni ngumu, ikigonga inapasuka na kuondoka na klipu za bampa.

Kwenye tuta maliza kupunguza mwendo mapema, kisha achia breki kabla tairi za mbele hazijaanza kupanda, mdomo unyanyuke. Mtaro uingie mshazari, tairi moja baada ya nyingine.

Kama fundi ameshalifunga bati, mkuu, lifungue leo. Usisubiri Jumamosi. Halafu weka boksi kavu chini ya rejeta usiku kucha, asubuhi inama uangalie kama lina tone la kulanti, yaani maji ya rejeta. Ukiliona, usiwashe gari. Nipigie picha uiweke hapa, nitakujibu muda wowote.