Kamera ya getini inapotea kila jioni: ninunue ruta mpya?

SWALI: Fundi, habari za kazi. Nyumba yangu iko Bwiru, hapa Mwanza, upande wa mlimani. Ruta ipo sebuleni. Nina balbu saba za kuwashia kwa simu, soketi mbili, na kamera moja getini, kama mita 30 kutoka sebuleni, nyuma ya jiwe kubwa. Mchana mambo ni shwari, ila kuanzia saa moja jioni kamera inakatika na balbu ya barazani nayo inagoma. Aliyenifungia anasema ninunue ruta ya 5 GHz yenye antena sita. Nimpe hela?

JIBU: Salama kabisa, ndugu yangu. Hela kaa nazo kwanza.

Wi-Fi husafiri kwa masafa mawili ya kawaida, 2.4 GHz na 5 GHz. 5 GHz ina kasi, na wewe hujalalamikia kasi. Mawimbi yake yanachoka mapema kuliko ya 2.4 GHz yakikutana na tofali na zege. Isitoshe, balbu na soketi nyingi za bei ya kawaida zinasikia 2.4 GHz peke yake. Funga antena hata kumi, balbu hizo hazitaiona 5 GHz. Geuza boksi la balbu usome maandishi madogo.

Halafu kuna haya mawe yetu. Boksi likiandikwa "mita 50" wamepima uwanja mtupu, hawajapima Bwiru. Jabali halipitishi wimbi. Kinachofika getini ni kile kilichodunda kuta na kuzunguka pembeni. Maji nayo hunyonya mawimbi. Nyegezi niliwahi kuhangaika siku mbili na kamera iliyokuwa ikikatika asubuhi na kupona jioni. Kumbe kati yake na ruta kulikuwa na tanki la lita 2,000: likijaa, picha inakufa, wakishafua na kuoga, picha inarudi. Nilisogeza ruta hatua nne, kazi ikaisha. Niliona aibu kudai pesa yote.

Sasa pima. Pakua programu yoyote ya bure ya kupima Wi-Fi, simama pale kwenye kamera saa saba mchana, kisha urudi saa moja hiyohiyo ya jioni. Utaona namba yenye alama ya kutoa. Hasi 60 ni nzuri, hasi 67 video bado inapita, ukifika hasi 80 kamera inaning'inia tu. Kama namba ni ileile mchana na jioni lakini jioni inakatika, ujue ni msongamano: majirani wamerudi kazini, kila sebule ina ruta, na zote zinapigia kelele mahali pamoja. Kwenye 2.4 GHz chaneli, yaani njia za mawimbi, zisizokanyagana ni tatu: 1, 6 na 11. Ingia kwenye mipangilio ya ruta, chagua yenye watu wachache, na upana wa chaneli uweke 20 MHz. Kwa maelezo yako nahisi una yote mawili: wimbi dhaifu linalotosha mchana, jioni linazidiwa.

Kamera yenyewe mimi ningeipa waya. Haihami, inatuma video saa 24, na ndiyo inayozisumbua hizo balbu. Waya wa mtandao unakwenda hadi mita 100, na ukichukua kamera ya PoE, umeme unapita humohumo. Upitishe kwenye bomba chini ya ardhi na uweke kinga ya radi kila ncha, maana radi za huku ziwani unazijua.

Balbu ziko sawa kwenye Wi-Fi kwa sasa. Ukitaka kufika ishirini, hapo fikiria Zigbee, mtandao mwingine usio na waya wa vifaa vidogo vya nyumbani. Inabeba kilobiti 250 tu kwa sekunde, haifai kabisa kwa video, lakini kuwasha taa kunahitaji nini? Uzuri wake, kifaa kilichochomekwa kwenye umeme hupokezana ujumbe na mwenzake, kwa hiyo balbu ya korido inaibeba ya barazani. Sharti ni moja: swichi ya ukutani isizimwe. Bibi akizima kwa mazoea, mnyororo umekatika. Z-Wave, mtandao mwingine wa aina hiyo, nayo ni nzuri, ila ndugu akikuletea ya Marekani inatumia 908 MHz na ya Ulaya 868 MHz, ukichanganya hazisalimiani.

Usichanganye Wi-Fi na intaneti. Bando likiisha, ruta inawaka vizuri tu, lakini balbu nyingi za Wi-Fi hupokea amri ya simu kupitia seva za nje, kwa hiyo zitanuna. Zigbee yenye kituo chake nyumbani, ukichagua kinachojitegemea bila intaneti, inaendelea. Na nunua UPS ndogo, yaani betri ya akiba, ya volti zinazolingana na adapta ya ruta, mara nyingi 12. Umeme ukikatika na kurudi mara tatu usiku, ruta haitazimika.

Halafu, kamera ikikutumia taarifa mara hamsini usiku kwamba kuna mtu getini, usiilaumu Wi-Fi. Ni wale wadudu wa ziwani, wanafuata mwanga. Zima taa ya usiku ya kamera, funga balbu ya kawaida hatua kadhaa kando, wakusanyike huko.