Mashine ya kuendesha ya kukata nyasi: kuihifadhi msimu wa baridi

Ndugu yangu, umeuliza kama petroli ibaki kwenye tangi hadi Aprili huko Minnesota, Marekani. Isibaki hivi hivi. Ikikaa miezi huacha utando kama gundi, na vitundu vya kabureta (kifaa kinachochanganya petroli na hewa) ndivyo huziba kwanza. Tia dawa ya kuhifadhi mafuta, kisha washa injini nje ya karakana dakika 10 ili dawa ifike kwenye kabureta. Injini ikiwa bado na joto, mwaga oili. Itatoka na uchafu wake.

Kabla ya kugusa visu, chomoa waya wa plagi ya injini, ile inayotoa cheche. Nakuomba, usiliruke hilo! Chini ya mfuniko wa visu utakuta nyasi zimeshikana kama udongo wa kufinyanga. Zikwangue zote, maana hutunza unyevu na bati huliwa na kutu. Ukishanoa kisu kwa tupa, kitundike kwenye msumari kwa tundu la kati: upande unaoshuka ndio mzito, endelea kuunoa huo hadi pande zilingane. Mwaka mmoja nilipuuza, mtetemo ukanilia beringi.

Betri itoe kwenye mashine, ichaji hadi ijae, uiweke ndani. Ikiisha chaji, baridi ya huko huigandisha ikapasuka.